Shajara ya mradi: sukari na mafuta ya damu, kutoka Pate hadi Lamu

Januari, kaskazi inavuma

Mradi wetu una lengo moja. Mtu wa Faza, Siyu au Kizingitini akitolewa damu asubuhi kijijini kwake, jibu tutakalolitoa hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, liwe ndilo lililokuwa mwilini mwake saa ile, si lile lililobaki kwenye chupa baada ya safari ya bahari. Kwa muda mrefu wagonjwa wa kisiwa cha Pate wamekuwa wakipanda boti na njaa zao, wengine wazee wa kushikwa mkono, kuja mjini kupimwa sukari na mafuta. Tunataka damu isafiri, wenyewe wabaki nyumbani. Tatizo ni kwamba damu ni kitu hai. Ikiwa ndani ya chupa bado inakula, na inachokula ni sukari ileile tunayotaka kuipima.

Mwezi huu wote umekwenda kwenye chumba. Ni chumba cha nyumba ya zamani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti juu, na zidaka ukutani. Kijana wetu aliziona zidaka akafurahi, akaanza kuzipanga chupa humo. Ni pazuri kwa macho lakini hapafai. Chokaa hunyonya chochote kinachomwagika, na ukuta wa chokaa hausafishiki kwa dawa ukaaminika. Kila kitu kimehamia kwenye meza iliyofunikwa bati lisiloshika kutu na kabati la mlango wa kioo. Zidaka zimebaki na madaftari.

Masharti ya usalama tumeyabandika mlangoni, na nayaandika hapa kwa sababu wasaidizi wa vijijini watayasoma pia. Kila damu inahesabiwa kuwa na maambukizi, iwe ya mtoto, ya sharifu au ya ndugu yako. Koti la mikono mirefu linafungwa vifungo vyote, glavu zinavaliwa na kubadilishwa, na ndara zinabaki nje. Viatu vya kufunika vidole vipo kwenye rafu ya mlangoni. Hakuna kunyonya kitu kwa mdomo kwa pipeti, na hakuna kahawa wala tende chumbani. Sindano ikishatumika hairudishiwi kifuniko chake, inatumbukizwa moja kwa moja kwenye kisanduku chake, na kisanduku kikijaa robo tatu kinafungwa.

Aliyejichoma anaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kuminya kidonda, kisha anatoa taarifa hapohapo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Na kabla ya yote hayo, chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Nimekataa kumshikisha mtu yeyote sindano kabla hajaanza chanjo. Wengine waliona namchelewesha mtu kazi. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa mchomo wa sindano kwa wepesi kuliko VVU, na kinga yake ipo. Sioni sababu ya kubahatisha.

Jiki ina hesabu yake. Yenye klorini asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji inatupa asilimia 0.5, inayotosha kwa damu iliyomwagika. Inachanganywa kila asubuhi, maana joto na jua la hapa huiua nguvu. Isikutanishwe kamwe na dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chumba chetu kina dirisha moja.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya vitendanishi, yaani dawa za kupimia, huwekewa kemikali iitwayo sodiamu azidi ili visioze. Ikimwagwa kwenye mabomba ya shaba au risasi, hujijenga humo polepole chumvi inayoweza kulipuka. Mabomba yetu ni ya plastiki, lakini hatujui yanakoungana, kwa hiyo kila tunachomwaga kinafuatwa na maji mengi.

Februari

Maji. Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Ni maji ya mvua yaliyochujwa na mchanga, yanayokaa juu ya maji ya bahari. Kwa kunywa ni neema, kwa kuyeyushia kitendanishi hayafai kwa sababu ya chumvi zake. Tunanunua maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, kutoka Mombasa.

Shehena ya kwanza ya vitendanishi ilifika Mokowe, gati la upande wa bara, ikiwa na joto. Barafu yote ilikuwa maji, na chupa za kupimia sukari, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, zilikuwa vuguvugu mkononi. Kitendanishi kizuri cha sukari hakina rangi au kina rangi hafifu sana. Hiki kilikuwa kimeanza uwaridi. Tulikisoma peke yake kwenye fotometa, mashine inayopima mwanga unaomezwa na rangi, bila damu, na kilimeza mwanga kupita kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Tumekirudisha chote kwa muuzaji, na mkataba mpya unasema mzigo upokelewe na mtu wetu gatini ukiwa na kipimajoto ndani.

Ramadhani

Sasa sukari yenyewe. Njia tunayotumia ina vimeng'enya viwili. Cha kwanza, glukosi oksidesi, huigeuza glukosi kuwa asidi ya glukoni na kuacha haidrojeni peroksidi. Cha pili, peroksidesi, huichukua hiyo peroksidi na kutengeneza rangi nyekundu. Sukari ikiwa nyingi, wekundu unakolea, na fotometa inausoma kwenye mwanga wa nanomita 500 hivi. Tunatia mikrolita 10 za seramu, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe, kwenye mikrolita 1,000 za kitendanishi, tunaacha dakika chache kwenye maji ya nyuzi 37, tunasoma. Pembeni tunasoma myeyusho sanifu, yaani wenye sukari ya kiasi kinachojulikana, wa 5.55 mmol/L. Kama sanifu imetoa 0.256 na mgonjwa 0.384, basi mgonjwa ni mara moja na nusu ya sanifu: 8.3 mmol/L. Vijana wote wamefanya hesabu hii kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Anayejua namba inatoka wapi ataishtukia namba ya uongo.

Anayepokea majibu kwa mg/dL agawanye kwa 18 apate mmol/L. Mipaka ya kisukari ni ileile ya dunia nzima: ukiwa hujala, 7.0 mmol/L au zaidi. Saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, 11.1 au zaidi. Mtu asiye na dalili harudishwi nyumbani na jina la kisukari kwa kipimo kimoja, kinarudiwa siku nyingine.

Mwezi mtukufu umetupa urahisi ambao miezi mingine haina. Sampuli ya alasiri ni ya mtu aliyefunga kweli tangu daku. Akina mama waliuliza kama kutoa damu kunabatilisha saumu. Tulimwendea imamu wa mtaa, akasema kipimo hakifunguzi, na yeye mwenyewe akakunja kanzu. Kwa wagonjwa wa kisukari wanaofunga tumewaeleza waziwazi: sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, saumu ivunjwe saa hiyohiyo, bila kungoja magharibi.

Kabla ya Ramadhani, mama mmoja wa Siyu aliyeleta kipimo cha asubuhi alikuwa amemwapia muuguzi kwamba hakula. Jibu likawa juu. Alipoulizwa upya akasema, "Sikula kitu mwanangu, nimenwa chai tu." Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Hakudanganya, aliulizwa habari ya kula akajibu habari ya kula. Fomu yetu sasa inauliza hivi: mara ya mwisho kutia kitu kinywani, kisichokuwa maji matupu, ilikuwa saa ngapi? Na anayepimwa kwa kidole ananawa kwa sabuni kwanza. Kidole kilichomenya embe au kumega halua kinabeba sukari yake, na tone la damu hapo husoma juu hata kama kilipanguswa kwa spiriti.

Baada ya Idi

Hapa ndipo penye mradi wenyewe, na nimekaa napo kuliko kwingine.

Chembe nyekundu za damu hazina njia nyingine ya kupata nguvu ila kuivunja glukosi. Zikiwa kwenye chupa hazijui kwamba zimetoka mwilini. Katika joto la kawaida la chumba sukari ya damu isiyotenganishwa hupungua kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi inapungua upesi zaidi. Chukua mtu mwenye 7.4, yaani tayari kisukari. Kwa asilimia 6 kila saa, baada ya saa nne chupa ina 5.8. Karatasi itaandikwa mzima. Atarudi kwenye chai yake na halua yake, na atakuja kuonekana tena macho yameingia ukungu au kidonda cha mguu hakifungi. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilipima kwa usahihi kitu kisichokuwa tena damu ya mtu yule.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analitaja ni chupa ya kifuniko cha kijivu. Ina fluoridi ya kuzuia ulaji huo na oksaleti ya kuzuia kuganda. Ni nzuri, lakini haizuii papo hapo. Fluoridi hukifunga kimeng'enya kinachoitwa enolesi, ambacho kipo karibu na mwisho wa mnyororo wa kuivunja glukosi. Hatua za mwanzo zinaendelea kuichukua sukari kwa saa moja hadi mbili kabla kufuli hilo halijarudi nyuma likasimamisha kila kitu. Baada ya hapo sukari inatulia. Maana yake chupa ya kijivu juani kwenye boti imeshapoteza sehemu yake kabla haijavuka. Ni lazima iingie kwenye maji ya barafu dakika ileile inapojaa. Isigusane na barafu ngumu ya friza, maana damu ikiganda kwa baridi chembe zinapasuka, na kinachopatikana ni maji mekundu yasiyopimika.

Tulifikiria barafu tu. Zahanati ya kijiji ina friji inayolegea umeme ukikatika, na samaki wakiwa wengi barafu yote inakwenda kwa wavuvi. Siwezi kuegemeza jibu la mgonjwa kwenye msimu wa nguru.

Tumeamua kutenganisha kulekule. Mashine ndogo ya kuzungusha damu, inayotumia betri ya gari, imepelekwa Faza. Damu inatolewa kwenye chupa ya kifuniko cha manjano yenye jeli chini. Inasimama wima nusu saa igande, inazungushwa dakika kumi, na jeli inapanda kukaa kati kama ukuta: chembe chini, seramu safi juu. Zikishatengana hakuna wa kuila sukari. Seramu iliyotengwa vizuri inashika sukari yake saa 8 kwenye joto la nyuzi 25, na hadi saa 72 kwenye nyuzi 4. Nusu saa ile ya kuganda inapoteza kidogo, hilo tunalijua, ndiyo maana mgonjwa aliye karibu sana na mpaka anarudiwa kwa chupa ya kijivu iliyotumbukizwa kwenye barafu.

Muuguzi wa kule amejifunza kusawazisha mashine: chupa ikikaa upande huu, upande wa pili ikae yenye uzito uleule, la sivyo inatetemeka hadi itembee juu ya meza. Na kifuniko hakifunguliwi mpaka isimame yenyewe. Kuisimamisha kwa mkono kunavunja vidole na kunarusha matone ya damu hewani.

Kufunga mzigo ni ngozi tatu. Chupa zenyewe, zinaingia kwenye mkebe usiovuja wenye pamba ya kunyonya inayotosha kumeza vyote vikivunjika, mkebe unaingia kwenye sanduku la baridi lenye alama ya hatari ya maambukizi na jina la wa kupokea. Boti ina abiria, kuku na mafuta ya taa, na nahodha amepewa haki ya kukataa mzigo wowote ambao haukufungwa hivyo. Kutoka gatini hadi Langoni sanduku linabebwa kwa mkono. Punda tumemkataa kwa sababu ya mtikisiko.

Mei, kusi na mvua

Mafuta. Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mwili huyapakia kwenye vibebeo vya protini. Kailomikroni hubeba mafuta ya chakula kutoka utumbo. VLDL hubeba trigliseridi, aina ya mafuta, zilizotengenezwa na ini. LDL hupeleka kolesteroli kwenye tishu, na ikizidi huingia kwenye kuta za mishipa. HDL huirudisha kolesteroli kwenye ini. Tunapima kolesteroli yote, HDL na trigliseridi kwa vimeng'enya vinavyoishia kwenye wekundu uleule wa peroksidesi, na LDL tunaikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Mtu mwenye kolesteroli yote 6.2, HDL 1.1 na trigliseridi 2.2 ana LDL ya 4.1 mmol/L. Hiyo ni ya kufanyiwa kazi.

Kanuni hiyo ina mpaka, na mpaka umetufikia mapema. Sanduku moja la Kizingitini lilikuwa na chupa ambayo seramu yake ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza. Ukiiweka mbele ya gazeti huoni herufi. Fotometa haiwezi kuisoma hivyo, kwani mwanga hutawanywa na matone ya mafuta na kuonekana kama umemezwa na rangi. Tuliiacha wima kwenye friji hadi asubuhi. Juu ikapanda tabaka la malai na chini pakawa pasafi kiasi, karibu kama maji. Tabaka la juu ni kailomikroni, yaani chakula kipya. VLDL ingebaki imechafua chini. Trigliseridi ikipita 4.5 mmol/L kanuni ya Friedewald haitumiki, na mahali pa LDL tuliandika "haikokotoleki" badala ya namba. Bwana yule alikuwa amekula mahamri na mbaazi za nazi alfajiri. Alirudiwa baada ya kukaa saa 12 kwa maji tu, na seramu ikaja safi. Angekuja tena nyeupe ningempeleka kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa trigliseridi zikipita 11 kongosho linaweza kuvimba ghafla.

Watu wananiuliza kama tunataka kuwakataza nazi. Mafuta ya nazi karibu asilimia 90 ni yale mazito yanayopandisha LDL, hilo ni kweli na nalisema. Lakini siendi kumwambia mtu wa Pate aache wali wa nazi kabla sijamwonyesha LDL yake mwenyewe. Akiiona yeye, mazungumzo ya kupunguza tui na kuzidisha samaki wa kuchoma yanakuwa yake.

Jambo dogo la kutoa damu: mgonjwa akae dakika kadhaa kabla, na mkanda wa mkono usizidi dakika moja. Aliyetembea akasimama, au aliyefungwa mkanda muda mrefu, maji ya damu yake hutoka mishipani na kolesteroli ikasoma juu bila sababu.

Juni

Ukutani kuna chati mbili za Levey na Jennings, za kuangalia kama vipimo vinasoma sawa, moja ya sukari, moja ya kolesteroli. Kila asubuhi kabla ya damu ya mtu yeyote tunapima seramu ya udhibiti inayojulikana thamani yake na kuweka nukta. Nukta moja ikipita mstari wa 3SD (SD ni kiasi cha kawaida cha namba kutawanyika), au mbili mfululizo zikipita 2SD upande mmoja, majibu hayatoki. Katika siku kumi zilizopita nukta za sukari zilikuwa zote ndani ya mipaka, ila zote chini ya mstari wa kati, moja baada ya nyingine hadi kumi. Kanuni za Westgard za kusoma chati hizi zinasema kumi upande mmoja ni kuhama, si bahati. Tukatafuta. Kifuniko cha chupa ya sanifu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yakipotea kwa upepo wa feni na sanifu ikizidi kukolea, kwa hiyo kila mgonjwa alilinganishwa na kitu kikali kuliko 5.55 na kusoma chini. Chupa mpya imefunguliwa na nukta zimerudi katikati. Majibu yote ya kipindi hicho tumeyapima upya kutoka kwenye seramu zilizokuwa kwenye friji bado hazijafika saa 72, na wengine wameitwa upya.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu na kisichohitaji kufunga, wengi wanatuomba tukianze kwa sababu kingetuondolea habari ya njaa na saa. Ninakitaka pia, lakini kwa uangalifu. Kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa kawaida, kama siku 120. Pwani yetu ina selimundu, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) na malaria, na chembe zinazokufa mapema hazipati muda wa kushika sukari, kwa hiyo jibu linatoka chini. Kitakapoanza kitakwenda sambamba na kipimo cha sukari, na kila mgonjwa ataulizwa habari ya damu ya ukoo wao.

Jumatano boti ilikwama Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Maji yalikuwa yamekupwa, na ikabidi wangoje yajae. Sanduku lilifika baada ya alasiri. Kipimajoto cha ndani kilionyesha nyuzi 9, jeli zilikuwa zimekaa sawasawa kwenye kila chupa, na fomu zilikuwa na saa ya kutoa damu na saa ya kuzungusha. Tulikuwa bado ndani ya saa 8, tukapima zote. Chupa moja ilikuwa nyekundu kwa chembe zilizopasuka, hiyo tumeikataa na kumwarifu muuguzi kwa simu.

Yaliyobaki: betri ya pili ya Faza, kipimajoto cha akiba, jedwali la maji kujaa na kupwa libandikwe kwenye zahanati ili siku za bamvua damu itolewe kulingana na saa ya boti kupita Mkanda, na mafunzo ya muuguzi wa Siyu, ambaye dozi yake ya pili ya chanjo ni wiki ijayo.